Maswali ya Wasomaji: Kukaa Mwaka Mzima kwa Ajili ya Mtihani wa Uhandisi

Barua nyingi zilizonifikia safari hii zinahusu jambo moja: vijana waliokosa nafasi katika vyuo vya uhandisi walivyovitamani, na sasa wanajiuliza kama wasubiri mwaka mzima ili wakarudie mtihani wa kujiunga. Nimechagua barua tatu ambazo, zikisomwa kwa pamoja, zinagusa karibu yote yaliyoulizwa na wengine.

Swali la kwanza

*Shikamoo Mwalimu. Nina umri wa miaka 18. Shuleni nilikuwa miongoni mwa watatu wa kwanza katika Fizikia na Hisabati, lakini mtihani wa kujiunga na chuo cha uhandisi umenishinda kwa alama chache. Wenzangu wameshaanza masomo katika vyuo mbalimbali, nami nipo nyumbani, naona aibu hata kutoka nje. Je, nikae mwaka mzima nijiandae upya, au niachane na jambo hili? Na kama nitakaa, nianzie wapi?*

Marahaba, mwanangu, na pole sana. Kukosa kwa alama chache kunauma kuliko kukosa kwa alama nyingi, kwa sababu kila ukijilaza unayarudia kichwani maswali mawili matatu ambayo yangekuvusha. Ndiyo maana nakuomba usiamue lolote katika wiki hizi za mwanzo, uchungu ukiwa bado mbichi. Jibu la swali lako limo ndani ya karatasi yako ya mtihani, na huko ndiko pa kulitafuta.

Itafute karatasi hiyo. Baadhi ya mitihani, hasa inayofanyika kwa kompyuta, humwezesha mtahiniwa kuona maswali, majibu sahihi na majibu aliyoyachagua yeye mwenyewe. Kama wako hauna utaratibu huo, chukua mtihani wa mwaka mwingine ambao hujawahi kuuona, ukae nao chumbani kwa muda uleule uliopangwa, bila simu na bila kitabu, kisha ujisahihishe pasipo kujionea huruma. Ukimaliza, pitia kila swali ulilopoteza alama na uyagawe maswali hayo katika mafungu matatu. La kwanza ni la maswali ambayo hukuwa na elimu yake hata kidogo. La pili ni la maswali uliyoyajua lakini ukayakosea: ulisahau ishara ya kutoa, hukubadilisha vizio, au ulijibu kitu ambacho swali halikuuliza. La tatu ni la maswali ambayo hukuyafikia kwa sababu muda ulikwisha.

Mafungu hayo ndiyo yatakayokuamulia. Tuseme umepoteza alama 80, na 60 kati ya hizo zimo katika fungu la pili na la tatu. Hapo nitakuambia bila kusita kwamba ukae, kwa maana makosa ya namna hiyo hutibika kwa mazoezi, na mwaka mmoja ni muda wa kutosha kabisa. Lakini ukikuta kwamba sehemu kubwa imo katika fungu la kwanza, tena katika Fizikia, Kemia na Hisabati zote tatu, basi ujue unakusudia kusoma upya, ndani ya mwaka mmoja, mambo ambayo shule iliyagawa katika miaka kadhaa. Sikukatazi, na wapo wanaoweza, ila kazi hiyo ni nyingine, na ni haki yako kuijua kabla hujaibeba.

Usishangae kwamba ulikuwa wa mbele darasani na bado mtihani huu ukakushinda. Mtihani wa shule mara nyingi humpa mwanafunzi alama kwa kila hatua ya hesabu, hivyo hata aliyekosea mwishoni huvuna kitu. Mitihani mingi ya ushindani, hasa ile ya kuchagua jibu, hutazama jibu la mwisho peke yake, na mingine hukata alama kwa jibu lisilo sahihi. Chukua mfano wa JEE Main, mtihani wa India wa kujiunga na vyuo vya uhandisi: kwa mpangilio ulioanza kutumika mwaka 2025, mtahiniwa hupewa maswali 75 katika masomo hayo matatu, alama 300 kwa jumla, na saa 3 za kuyajibu. Gawanya, utaona kwamba kila swali lina dakika 2 na sekunde 24 tu. Mwanafunzi aliyezoea kutafakari swali moja kwa dakika kumi, hata awe na akili kiasi gani, humo atajikuta amebakiza theluthi ya karatasi haijaguswa.

Jambo la pili, kabla hujamwambia mtu yeyote kwamba umeamua, ni kuzisoma kanuni za mtihani unaoutaka, na uzisome kwenye tangazo la waandaaji wenyewe. Kila mtihani una masharti yake kuhusu umri, alama za shule, na idadi ya mara unazoruhusiwa kuufanya. Huko huko India, JEE Main hufanyika katika vipindi viwili kwa mwaka na mtahiniwa anaweza kuifanya kwa miaka 3 inayofuatana, lakini JEE Advanced, mtihani wa hatua ya pili ambao ndio mlango wa vyuo vya IIT, yaani Taasisi za Teknolojia za India, huruhusiwa mara 2 tu katika miaka 2 inayofuatana. Mwezi Novemba 2024 ilitangazwa kwamba zingekuwa mara 3, na kabla ya mwezi huo kwisha tangazo likabatilishwa, zikarudi 2. Kijana aliyelisikia tangazo la kwanza kwa rafiki na asilione la pili angeweza kuupanga mwaka wake wote juu ya ruhusa ambayo haipo. Angalia pia kama mada za mtihani zimebadilishwa, kwa sababu hakuna hasara inayoudhi kama kuhangaika miezi mitatu na mada iliyokwishaondolewa.

La tatu ni kuuacha mlango mwingine wazi. Omba nafasi katika vyuo vingine viwili au vitatu, vikiwemo vile visivyotumia mtihani huo, na uandike tarehe zao za mwisho mahali utakapoziona kila siku. Kuna wanaosema kwamba kufanya hivyo kunamlegeza mtu, kwamba anayetaka kweli hujikatia njia zote za kurudi nyuma. Mimi sikubaliani nao hata kidogo. Nimewasahihishia vijana wengi karatasi za majaribio, na niwaonao wakitetemeka hadi kalamu inawaponyoka ni wale walioaminishwa kwamba wakikosa hapa maisha yamekwisha.

Kuhusu aibu, mwanangu, itue. Ujapani vijana wanaokaa mwaka au zaidi kujiandaa upya kwa mitihani ya vyuo vikuu huitwa *rōnin*, jina la kale la samurai asiye na bwana, na zipo shule maalumu za kuwafundisha. Ufaransa, wanaotaka kuingia vyuo vikubwa vya uhandisi husoma madarasa ya matayarisho kwa miaka 2, na asiyeridhika na matokeo huweza kurudia mwaka wa pili, akakaa darasani pamoja na waliomfuata. Huko kurudia ni sehemu ya safari inayojulikana. Toka nje, salimia watu, na ukiulizwa unafanya nini, jibu kwamba unajiandaa kwa mtihani. Hilo ni jibu kamili.

Sasa kuhusu pa kuanzia. Kosa ninaloliona mara kwa mara ni kufungua kitabu ukurasa wa kwanza na kuanza kusoma kila kitu upya kwa mpangilio wa shule. Raha yake ni kwamba mambo unayoyajua yanakupa hisia ya kusonga mbele; madhara yake ni kwamba mada zinazokutesa, ambazo mara nyingi ndizo za mwishoni, unazikuta tena ukiwa umechoka na mtihani umekaribia. Anza na fungu la kwanza, na katika fungu hilo anza na mada ambazo nyingine zinazitegemea. Asiyejua vekta, yaani vipimo vyenye ukubwa na mwelekeo, vizuri atahangaika katika mwendo, katika umeme na katika sumaku. Akizitengeneza vekta, sehemu kubwa ya mahangaiko hayo itapungua yenyewe.

Kisha tafuta daftari moja gumu, uliite daftari la makosa. Usiandike humo majibu sahihi peke yake, kwa sababu jibu sahihi halikwambii kwa nini ulipotea. Nitakuonyesha ukurasa mmoja ninaoukumbuka. Swali lilihusu silinda iliyojaa na pete, zenye uzito sawa na nusu kipenyo sawa, zikiachiwa kwa wakati mmoja juu ya mteremko na kubingirika bila kuteleza. Ipi itatangulia kufika chini? Mwanafunzi alijibu kwamba zitafika pamoja, akakosa. Katika daftari lake hakuandika tu "silinda." Aliandika: "Nimeichukulia kama sanduku linaloteleza. Nimesahau kwamba sehemu ya nishati inakwenda kwenye kuzunguka. Pete ina uzito wake wote ukingoni, kwa hiyo inakula nishati nyingi zaidi kuzunguka. Mchapuko wa silinda ni theluthi mbili ya ule wa kitu kinachoteleza bila msuguano, wa pete ni nusu." Na chini yake, kwa wino mwekundu: "Dalili: nikiona maneno 'kubingirika bila kuteleza', nisimame." Mstari huo mwekundu una thamani kuliko kurasa ishirini za kunakili. Kila Jumapili alikuwa akiyafunika maelezo kwa karatasi, anasoma swali peke yake, anajibu upya.

Namna hiyo ya kujifunza ina ushahidi. Mwaka 1885 mtafiti Mjerumani Hermann Ebbinghaus alionyesha, kwa kujipima mwenyewe, jinsi mambo tunayojifunza yanavyotutoka haraka katika saa na siku za mwanzo, na mwaka 2006 Henry Roediger na Jeffrey Karpicke walionyesha kwamba baada ya wiki moja, wanafunzi waliojipima juu ya habari waliyoisoma waliikumbuka zaidi kuliko waliorudia kuisoma tu, ingawa baada ya dakika 5 waliorudia ndio waliokuwa mbele. Ndiyo sababu kusoma tena na tena kunadanganya: usiku huo unajiona umeiva, na wiki ikipita hakuna kitu. Funga kitabu, chukua karatasi tupu, ujiulize. Ukikwama, fungua, tazama, funga tena.

Mitihani kamili ya majaribio uianze mapema, hata mada zikiwa bado hazijakamilika, na uifanye saa ileile ya siku ambayo mtihani wa kweli hufanyika. Na ulale. Usingizi wa chini ya saa 7 kwa siku nyingi mfululizo unaharibu umakini, na umakini ndio unaolitengeneza lile fungu la pili.

Swali la pili

*Salaam Mwalimu. Mimi ni mzazi. Binti yangu amepata nafasi katika chuo cha uhandisi, lakini si kile alichokuwa akikitaka. Anataka kuiacha nafasi hiyo akae mwaka mmoja ajiandae tena, na kuna kituo cha tuisheni kinachotuahidi kwamba lazima atafaulu. Baba yake anaona ni kupoteza wakati. Mimi nimekaa katikati. Nifanye nini?*

Salaam, mama. Kabla ya lolote, muulizeni huyo binti swali moja kwa upole: katika chuo anachokitaka kuna nini ambacho hiki alichopata hakina? Akijibu kwa kutaja fani anayotaka kuisomea, maabara, au namna masomo yanavyofundishwa, hiyo ni hoja ya kusikilizwa. Akijibu kwa jina la chuo peke yake, bado kuna mazungumzo ya kufanywa, na yafanyike bila kumkaripia, kwa sababu jina hilo hakulizua yeye. Amelikuta likisifiwa na sisi wakubwa.

Pili, kiandikieni chuo kilichompa nafasi, mkiuliza kama kinaruhusu kuahirisha kuanza masomo kwa mwaka mmoja. Vyuo vingine vinaruhusu, vingine haviruhusu, na jibu mlipate kwa maandishi. Kikiruhusu, mvutano wenu nyumbani utakuwa umepungua nusu, kwa kuwa binti atajiandaa akiwa na pa kurudi.

Wapo wanaochagua njia ya katikati, yaani kuanza chuo na kujiandaa kwa mtihani wakati huohuo. Hisabati na Fizikia za mwaka wa kwanza wa uhandisi zinamsaidia mtahiniwa kwa kiasi fulani, lakini ripoti za maabara, michoro na mitihani ya muhula havimsubiri mtu, na nilichokiona mara nyingi ni kijana anayeyakosa yote mawili. Halafu kuna kanuni: India, kwa mfano, aliyekwisha kukubali nafasi katika chuo cha IIT hawezi kufanya tena JEE Advanced, kwa hiyo kukubali nafasi kwa kujihami kunaweza kumfungia mtu mlango bila yeye kujua. Someni masharti kabla ya kusaini chochote.

Kuhusu kituo cha tuisheni, nitasema wazi: anayewaahidi kwamba mtoto lazima atafaulu hafai kupewa mtoto. Hakuna mwalimu mwenye uwezo wa kuahidi matokeo ya mtihani ambao nafasi zake zina kikomo, kwa maana hata akiwafundisha wote vizuri, watakaofaulu ni wale tu watakaotosha katika nafasi hizo. Tatizo hili lilikua hadi Wizara ya Elimu ya India ikatoa miongozo mwezi Januari 2024 inayovitaka vituo visitoe ahadi za kupotosha kuhusu alama na nafasi, visisajili walio chini ya miaka 16, wala visifundishe zaidi ya saa 5 kwa siku. Mwaka 2024 watahiniwa waliofanya JEE Advanced walikuwa takriban 180,000, na nafasi katika vyuo vyote 23 vya IIT zilikuwa kama 17,700. Hesabu hiyo haipindwi na bango lolote.

Ukienda kituoni, usitazame picha za waliofaulu ukutani. Uliza: mwaka jana mliandikisha wangapi kwa jumla? Darasa moja lina wanafunzi wangapi? Mwalimu atakayemfundisha binti yangu ni nani, na atakuwepo mwaka mzima? Karatasi zake za majaribio zitasahihishwa na nani, na atarudishiwa baada ya siku ngapi? Akitaka kuondoka katikati, ada iliyobaki tutarudishiwa? Picha tano ukutani zina maana moja kama walioandikishwa walikuwa kumi, na maana nyingine kabisa kama walikuwa elfu.

Mwisho, mama, na hili naliandika kwa moyo mzito. Mji wa Kota, katika jimbo la Rajasthan, unajulikana India nzima kwa vituo vyake vya kuandaa wanafunzi kwa mitihani hii, na umejulikana pia kwa vijana waliojitoa uhai huko kwa kuelemewa. Hawakuwa wavivu wala wajinga. Mkikubaliana binti akae, basi baba yake naye akubali kweli, asiwe mtu wa kumkumbusha kila akila kwamba wenzake wako chuoni. Mkimwona amekosa usingizi kwa siku nyingi, hali chakula, amejitenga na rafiki zake, au anasema maneno ya kwamba angekuwa hayupo ingekuwa nafuu kwenu, msingoje matokeo ya mtihani. Kaeni naye siku hiyohiyo, msimwache peke yake, na mpelekeni kwa daktari au mshauri wa afya ya akili. Mtihani wowote unaweza kuahirishwa.

Swali la tatu

*Mwalimu, shikamoo. Niko mwezi wa saba tangu nilipoamua kukaa nyumbani nijiandae. Nasoma saa 14 kwa siku. Miezi mitatu ya mwanzo alama zangu za majaribio zilipanda vizuri, lakini tangu hapo zimesimama palepale, na mara nyingine zinashuka. Nimekata tamaa. Niongeze muda gani?*

Marahaba. Usiongeze, punguza. Saa 14 za kusoma, ukitoa kula, kuoga na kulala, hazimwachii mtu hata nusu saa ya kutembea, na kichwa kilichochoka kinasoma mistari bila kuiingiza. Jaribu saa 8 au 9 za kazi ya kweli kwa wiki mbili, ulale vya kutosha, uone kama alama zitashuka. Natarajia hazitashuka.

Kusimama kwa alama baada ya miezi mitatu ni jambo la kawaida. Mwanzoni uliziba mapengo makubwa, na kila pengo lililozibwa lilileta alama nyingi kwa mpigo. Yaliyobaki ni makosa madogomadogo yaliyotawanyika, na haya hayaondoki kwa kusoma zaidi, yanaondoka kwa kuichambua karatasi. Nina swali kwako: ukimaliza jaribio la saa 3, unatumia muda gani kulipitia? Wengi hutazama jumla ya alama, wanahuzunika au wanafurahi, halafu wanachukua jaribio lingine. Lipe kila jaribio muda wa kuchambuliwa usiopungua ule wa kulifanya, na kando ya kila swali uandike dakika ulizotumia. Utakuta maswali mawili au matatu ambayo kila moja lilikula dakika 8, ukalikosa, na likaondoka na maswali matatu mepesi yaliyokuwa kurasa za mbele. Ukipita dakika 3 huoni njia, lipe alama pembeni, uendelee, utalirudia.

Tazama pia tabia yako ya kubahatisha. Tuseme jibu sahihi lina alama 4, lisilo sahihi linakata 1, na machaguo ni manne. Anayebahatisha kwa macho yaliyofumba atapata, kwa wastani, robo ya alama kwa swali; ni karibu na bure, na siku moja bahati ikikataa atapoteza alama kadhaa. Lakini anayeweza kuyaondoa machaguo mawili kwa hakika, wastani wake hupanda hadi alama 1 na nusu kwa swali. Kwa hiyo kanuni yako iwe hivi: usipoweza kuondoa hata chaguo moja, acha wazi, ukiondoa mawili, chagua bila hofu. Ila kwanza hakikisha mtihani wako unakata alama kwa kiasi gani, kwa sababu kiasi kikibadilika hesabu hii nayo inabadilika.

Fanya majaribio matatu kwa utaratibu huu, moja kila wiki, kisha uniandikie tena. Usinitumie jumla ya alama peke yake; niandikie mafungu matatu ya makosa kama nilivyomweleza mwenzako hapo juu, pamoja na dakika ulizotumia katika maswali matano yaliyokuchelewesha zaidi, nami nitakujibu kwa mujibu wa hayo.